Ufanisi wa nishati: istilahi na matumizi yake katika nyumba za Bukavu

Mkaaji wa Bukavu akiambiwa kwamba taifa linaandaa programu ya kupunguza matumizi ya umeme majumbani, wazo la kwanza litakalomjia ni delestaji: SNEL, shirika la umeme la Kongo, inakata umeme mtaa huu ili mtaa wa pili upate. Ana haki ya kufikiri hivyo, kwa sababu maneno aliyoambiwa yameitafsiri vibaya dhana ambayo Kifaransa, lugha ya ofisi zetu, huiita efficacité énergétique. Dhana hiyo haimtaki mtu akae gizani. Inauliza hivi: kwa kila kiasi cha nishati kinachoingia nyumbani, wenye nyumba wanapata mwanga kiasi gani, chakula kilichoiva kiasi gani, maji ya moto kiasi gani? Kiswahili kina neno la kulibeba swali hilo, nalo ni ufanisi.

Katika fizikia, ufanisi ni uwiano kati ya kinachopatikana na kilichotumika, na kwa kawaida huandikwa kwa asilimia. Jiko likipokea sehemu 100 za nishati kutoka kwenye makaa na sehemu 20 tu zikaingia ndani ya chungu, ufanisi wake ni asilimia 20. Sehemu 80 zilizobaki zimepasha joto ukuta, hewa na mikono ya mpishi. Hivyo basi, ufanisi wa nishati ni kipimo cha huduma inayopatikana kwa nishati iliyotumika. Huduma ikibaki ileile na nishati ikapungua, ufanisi umepanda. Umepanda vilevile huduma ikiongezeka kwa nishati ileile.

Balbu inalionyesha jambo hili vizuri. Balbu ya zamani ya waya, ya wati 60, hutoa mwanga wa takriban lumeni 800. Sehemu kubwa ya umeme wake hugeuka joto, ndiyo maana haishikiki ikiwa inawaka. Balbu ya LED hutoa mwanga huohuo kwa wati 9 hivi. Zikiwaka kwa saa tano kila jioni kwa siku 30, ile ya kwanza itakula kilowati-saa 9, na ya pili 1.35. Chumba hakikupungukiwa mwanga hata kidogo, na mtoto amesoma kama kawaida. Sasa zidisha tofauti hiyo kwa nyumba zote zinazotegemea kabini (transfoma) moja ya umeme, uone mzigo ambao kabini ile ingetuliwa saa moja jioni, wakati kila mtu amewasha.

Kwa hiyo yapo maneno matatu yasiyofaa kuchanganywa. La kwanza ni ufanisi, yaani kupata huduma ileile kwa nishati kidogo. La pili ni uwekevu, yaani kujizuia kwa hiari: kuzima taa ya chumba kisicho na mtu, au kuacha pasi mpaka nguo zikusanyike. La tatu ni mgao, ambao Bukavu tunauita delestaji, yaani kunyimwa kwa sababu umeme hautoshi. Ufanisi huletwa na kifaa na jengo, uwekevu huletwa na tabia, na mgao huletwa na upungufu. Programu ya ufanisi ikitangazwa kwa lugha ya uwekevu, watu ambao tayari wanaishi kwa mgao wataisikia kama amri ya kujinyima zaidi, nao wataikataa kabla haijaanza.

Nchini Tanzania, msemo uliozoeleka serikalini ni matumizi bora ya nishati. Ni msemo mzuri kwa bango na kwa redio, kwa kuwa unaeleweka na kila mtu na unakusanya ufanisi na uwekevu pamoja. Lakini fundi, mkaguzi na mtunga sheria wanahitaji neno linalopimika. Huwezi kusema jiko hili ni bora kwa asilimia 40, ila unaweza kusema ufanisi wake ni asilimia 40. Kwa maoni yangu tuyatumie yote mawili, kila moja mahali pake: matumizi bora liwe jina la kampeni, ufanisi liwe jina la kipimo.

Neno likishapatikana, lazima lipelekwe kwenye nyumba halisi. Ulaya, habari za ufanisi wa nishati katika majengo huanza na kupasha nyumba joto wakati wa baridi kali: kuta zenye kihami joto, madirisha ya vioo viwili. Muscat au Dubai huanza na kiyoyozi. Bukavu iko kando ya Ziwa Kivu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta. Hapa hatuna theluji wala joto la pwani. Nyumba nyingi hazina kipasha joto wala kiyoyozi. Nishati ya nyumba ya Bukavu imekaa jikoni, na programu itakayonakili vitabu vya Ulaya itakagua kuta na kuuacha moto.

Tazama chungu cha maharage juu ya mbabula, lile jiko la bati la makaa, ambayo sisi huku tunayaita makala. Kwa mwinuko wetu, maji huchemka yakifika nyuzi 95 hivi za Selsiasi badala ya 100, kwa hiyo maharage hukawia kuiva kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Kuchemsha lita tatu za maji kutoka nyuzi 20 hadi 95 kunahitaji kilojuli 940 hivi. Kwenye mbabula yenye ufanisi wa asilimia 20, hizo ni gramu 160 za makala. Kwenye jiko lenye ufanisi wa asilimia 40, ni gramu 80. Na hapo maji yamechemka tu. Maharage bado yana saa nyingi motoni. Kufunika chungu, kuloweka maharage usiku kucha, kutumia sufuria ya presha, kuvika jiko tumbo la udongo lizuie joto lisitoroke pembeni: yote hayo ni ufanisi wa nishati katika majengo, hata kama hakuna mhandisi aliyeyaita hivyo.

Nyuma ya gramu hizo kuna msitu. Tanuri la kienyeji la udongo huhitaji kilo tano hadi kumi za kuni, wakati mwingine zaidi, ili kutoa kilo moja ya makala. Sehemu ya makala yanayouzwa Bukavu imetoka upande wa Mbuga ya Taifa ya Kahuzi-Biega, makao ya sokwe, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1980. Kila gramu ya makala inayookolewa jikoni Kadutu, hapa mjini, ni gramu tano hadi kumi za kuni zisizokatwa mlimani.

Umeme nao una hesabu yake. Mto Ruzizi unatoka ziwani hapahapa mjini. Bwawa la Ruzizi I, la mwishoni mwa miaka ya 1950, lina uwezo wa takriban megawati 30. Ruzizi II ilifuata mwaka 1989, chini ya SINELAC, kampuni ya Kongo, Rwanda na Burundi, na umeme wake hugawanywa kwa nchi hizo tatu. Mji umekua mara nyingi kuliko ulivyokuwa mitambo ile ilipojengwa. Mitambo mipya inahitajika, na Ruzizi III imesubiriwa kwa miaka mingi. Lakini bwawa huchukua miaka kujengwa, na balbu hubadilishwa asubuhi moja.

Tusisahau nyumba yenyewe. Karibu na ikweta, kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazopigwa na jua, asubuhi na jioni, huku madirisha ya kaskazini na kusini yakileta mwanga bila joto kali. Nyumba za mbao zilizobanana mteremkoni huwasha taa hata mchana kwa kukosa dirisha, na waya za kuunganisha kiholela hupata moto. Waya unaopata moto ni umeme unaopotea, tena ni hatari ya kuteketeza mtaa mzima, jambo ambalo Bukavu inalijua vizuri mno.

Majirani wameshaanza. Mwaka 2020 Kenya ilitoa mkakati wa taifa wa ufanisi na uhifadhi wa nishati, na majengo ni sekta mojawapo ndani yake. Rwanda, ng'ambo ya Ruzizi, iliweka mwaka 2019 masharti ya chini ya majengo ya kijani katika kanuni zake za ujenzi. Kwetu, sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua sekta hiyo kwa wawekezaji, na ikaleta mamlaka iitwayo ARE ya kuisimamia na wakala uitwao ANSER wa kupeleka umeme vijijini na pembezoni mwa miji. Programu ya taifa ya ufanisi katika majengo inaweza kusimama juu ya msingi huo, mradi ianzie kwenye jiko, ifuate balbu na waya, kisha ramani ya nyumba.

Na iandikwe kwa Kiswahili tangu ukurasa wa kwanza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2021, na Kongo ikajiunga mwaka 2022. Istilahi zetu sasa zinapaswa kueleweka kutoka Bukavu hadi Zanzibar. Napendekeza tushike hizi: ufanisi wa nishati kwa kipimo, uwekevu wa nishati kwa tabia, mgao wa umeme kwa delestaji, ukaguzi wa nishati kwa kazi ya kupima jengo, na kihami joto kwa kinachozuia joto lisipite. Walimu wa shule za ufundi, watangazaji wa redio na mafundi umeme wa Ibanda, Kadutu na Bagira, anzeni kuzitumia leo. Mwananchi akielewa kwamba anaahidiwa mwanga uleule kwa gharama ndogo, atakuwa wa kwanza kuidai programu hiyo.