Pembe ya Ugoro: Ufundi Uliosimama Juu ya Waya

Maonyesho yaliyofanyika katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi mwaka 2021, yakiwa matunda ya kazi ya watafiti wa Kenya na Ujerumani ya kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyomo katika taasisi za nje, yaliwafunulia wananchi kwamba vitu zaidi ya 32,000 vya mababu zao vimehifadhiwa Ulaya na Marekani, na tangu hapo mjadala wa kuvirudisha umekuwa ukipanda na kushuka kadiri siasa inavyopata joto na kupoa. Vinavyotajwa sana katika mjadala huo ni vile vyenye uzito wa kiibada, kama vile ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo iliyochukuliwa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, pamoja na vigango, yaani nguzo za kuwakumbuka wafu wa Kimijikenda, ambavyo vimeibwa vijijini na kuuzwa kwa wapenda sanaa wa ng'ambo. Vitu vya matumizi ya kila siku havina mtetezi, na miongoni mwavyo kimo chombo ambacho wageni walikikusanya kwa wingi kuliko wenyeji wanavyokumbuka, nacho ni pembe ya ugoro.

Ugoro ni tumbaku iliyokaushwa, ikasagwa hadi ikawa unga laini, kisha ikachanganywa na magadi, na pengine mafuta kidogo, ili inuswe puani au iwekwe mdomoni. Magadi hayatiwi kwa ladha tu, kwa kuwa ukali wake ndio unaoifungua nikotini iliyofungwa katika jani na kuifanya ipenye upesi kwenye ngozi laini ya pua. Unga wa namna hiyo hauvumilii hewa wala unyevu, kwa sababu ukiachwa wazi hupoteza nguvu na ukiloa huganda, na hiyo ndiyo sababu ya mtumiaji kuhitaji chombo kidogo cha kuvaliwa mwilini, chenye kifuniko kinachobana na tundu dogo la kugongea ugoro kiganjani. Vyombo hivyo vilitengenezwa kwa mianzi, kwa vibuyu, kwa mbao na hata kwa pembe za ndovu, lakini kilichoenea sana miongoni mwa Wakamba, Wakikuyu na Wamasai ni kile cha pembe ya mnyama, kilichofungwa kwa ngozi na kuning'inizwa kwa mkufu au ukanda.

Tumbaku yenyewe si mmea wa asili wa Afrika, bali ililetwa kutoka Amerika baada ya Wareno kuingia katika Bahari ya Hindi, ikapanda kutoka pwani kwenda bara, na ikazoeleka kiasi kwamba wageni wa karne ya 19 waliikuta ikilimwa vijijini kana kwamba ilikuwako tangu enzi. Kusini mwa bara Wazulu waliutengenezea ugoro vijiko vya mfupa walivyovichomeka nywelani, ambapo katika nchi za Kenya ya leo pambo la ugoro liliishia zaidi shingoni, yaani kwenye mkufu.

Kazi ya pembe haina siri kubwa. Pembe ya ng'ombe au ya mbuzi ni gamba lililovaa juu ya kiini cha mfupa, na fundi huanza kwa kuliacha gamba hilo hadi utando unaolishikilia uoze, au kulichemsha, ili kiini kichomoke kwa kugongwa, kazi ambayo kwa sababu ya uvundo wake haifanywi karibu na nyumba. Baada ya hapo ncha, ambayo haina uwazi ndani, hukatwa au kupekechwa kwa chuma cha moto, na mwili wa pembe hukwanguliwa kwa kisu mpaka unene wake ulingane pande zote. Kwa kuwa gamba la pembe hulainika likipata joto na kushika umbo jipya likipoa, fundi anaweza kuinyoosha pembe iliyopinda au kuibana midomo yake iwe duara kamili. Usuguaji wa mwisho ulifanywa kwa majani ya msasa, mti ambao majani yake hukwaruza kama tupa na ambao karatasi ya kusugulia mbao ya siku hizi imeazima jina lake, na mwishowe pembe ilipakwa mafuta ikang'aa.

Kinachofuata ni ngozi, na hapo ndipo chombo kinapopata uhai au kuharibika. Upande mpana wa pembe huzibwa kwa kipande cha ngozi mbichi kilicholowekwa, kikavutwa juu ya ukingo na kushonwa kwa ukano, yaani uzi unaotokana na mishipa migumu ya mnyama, kisha kikaachwa kikauke, na kwa kuwa ngozi mbichi hujikaza inapokauka, huishika pembe kwa nguvu ambayo gundi haiwezi kuifikia. Kifuniko hutengenezwa kwa njia hiyohiyo, ila hukaushwa juu ya kipande cha mti kilichochongwa kwa kipimo cha mdomo wa pembe ili baadaye kivuliwe na kuvikwa bila kulegea, na pembeni hutobolewa matundu ya kupitishia mkufu ili kifuniko kisipotee njiani. Fundi akikosea kipimo kwa unene wa ukucha, ugoro humwagika kifuani mwa mzee mbele ya baraza.

Hata hivyo, pembe na ngozi kwa pamoja ni sehemu ndogo ya jasho lililomo katika chombo hiki, maana jasho kubwa limo katika mkufu. Waandishi wawili wa awali wanasaidia kulitambua jambo hilo. Wa kwanza ni W. Scoresby Routledge, ambaye pamoja na mkewe Katherine walichapisha mwaka 1910 kitabu juu ya Wakikuyu wa wakati wao, kabla ya mke huyo kujipatia sifa kubwa zaidi kwa utafiti wake katika Kisiwa cha Easter. Wa pili ni Gerhard Lindblom, Mswidi aliyeishi Ukambani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, akachapisha kitabu chake kinene juu ya Wakamba mwaka 1920 na baadaye akawa mkurugenzi wa makumbusho ya etnografia jijini Stockholm. Wote walivutiwa na chuma kuliko pembe, na makala haya yanalifuata jicho lao, kwa kuwa hapo hawakukosea.

Katika nchi ya Wakikuyu, chuma kilianzia mtoni, ambako mchanga mweusi wenye madini ulioshwa hadi udongo ukaondoka, ukayeyushwa katika tanuri la udongo lililopulizwa kwa mivukuto, na bonge lililopatikana likapigwa na kupigwa tena mpaka takataka zikatoka. Mhunzi aliyetaka waya alikifua chuma hicho juu ya fuawe, yaani jiwe au chuma cha kupondea, hadi kikawa ufito mwembamba, akaichonga ncha yake, kisha akaipitisha katika chamburo, ambacho ni bamba la chuma lenye matundu yanayopungua ukubwa, akaikamata ncha upande wa pili kwa koleo na kuvuta kwa uzito wa mwili mzima. Ufito uliopita katika tundu la kwanza ulipakwa mafuta ukapitishwa katika la pili, na kila baada ya mivuto michache ilibidi urudishwe motoni, kwa sababu chuma kinachovutwa huwa kigumu na chepesi kukatika. Shaba ilivutwa kwa njia hiyohiyo, nayo huvutika kwa urahisi zaidi. Waya mwembamba uliopatikana, ambao watu wa pwani waliuita udodi, ulizungushwa kwa kubana juu ya ufito mwingine hadi ukawa kama ond ndefu, yaani msokoto wa mizingo mingi, ond hiyo ikakatwa kwa urefu wake na kutoa mamia ya pete ndogo, na pete hizo zikaunganishwa moja baada ya nyingine, kila moja ikifungwa kwa kubanwa, hadi mkufu ukatosha kuzunguka shingo. Mikufu ya Wakamba ilisifika kwa wembamba wa pete zake, na anayeshika mmojawapo leo huona kwanza jinsi unavyoteleza kati ya vidole bila kukwaruza, dalili ya kwamba hakuna pete hata moja iliyoachwa mdomo wazi.

Mtu mwenye uwezo huo hakuchukuliwa kuwa mtu wa kawaida. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya ya mwaka 1938, aliuhesabu uhunzi miongoni mwa kazi kuu za Wakikuyu na kueleza jinsi laana ya mhunzi ilivyoogopwa, na ni sahihi kusema kwamba mzee aliyevaa pembe ya ugoro yenye mkufu mzuri alivaa pia ushahidi kwamba alikuwa na mali ya kumlipa mtu kama huyo.

Utegemezi huu wa waya ndio ulioifanya pembe ya ugoro iingie, bila yenyewe kukusudia, katika ugomvi mkubwa wa mwanzo wa utawala wa Waingereza. Kabla ya hapo waya wa shaba ulikuwa fedha ya misafara. Wafanyabiashara wa Kikamba, ambao aliyejulikana zaidi kati yao ni Kivui Mwenda, mwenyeji wa mmisionari Johann Ludwig Krapf katika safari zake za mwaka 1849 na 1851, walipeleka pembe za ndovu Mombasa na kurudi na nguo, shanga na masango, yaani waya mnene uliokunjwa kwa mizingo, ambao fundi wa bara aliuvuta upya hadi kipimo alichokitaka. Msafara uliokwenda bara bila waya haukupata chakula wala ruhusa ya kupita, na kila jamii ilikuwa na unene na rangi yake iliyoikubali.

Mwaka 1896 ujenzi wa reli ulianza Mombasa, na pamoja na njia ya kwenda Uganda ukanyooshwa waya wa telegrafu, simu ya maandishi ya wakati ule, juu ya nguzo zilizopita katikati ya nchi za watu ambao kwao waya ulikuwa malighafi na mali kwa pamoja. Maofisa walishangaa ulipoanza kutoweka. Wanandi ndio waliotuhumiwa zaidi, kwa kukata waya na kuufanya mapambo na kwa kung'oa parafujo na vyuma vya reli vilivyofaa kufuliwa silaha, na wizi huo ukawa moja ya sababu zilizotolewa kwa misafara ya kijeshi iliyotumwa dhidi yao, hadi ile iliyoanza mwaka 1905, ambapo Koitalel arap Samoei, kiongozi wao, aliuawa tarehe 19 Oktoba na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani. Sir Charles Eliot, aliyekuwa Kamishna wa Waingereza katika Kenya ya leo hadi mwaka 1904, alikiri katika kitabu chake kilichotoka mwaka uliofuata kwamba mtu asistaajabu, akiwataka wasomaji wa kwao wafikirie reli ya Ulaya ambayo nyaya zake ni mikufu ya lulu. Ni maneno ya haki kutoka kwa mtu ambaye sera zake za ardhi hazikuwa na haki, lakini hata yeye aliliona suala hilo kama tamaa tu. Hakuona kwamba serikali ilikuwa imetandaza akiba ya malighafi ya mafundi wa nchi nzima juu ya miti, bila ulinzi, kisha ikamwita mwizi kila aliyeigusa, ilhali nguzo hizo zilisimikwa katika ardhi ambayo wenyewe hawakuulizwa.

Jambo la kejeli ni kwamba kilichoua ufundi huo hakikuwa adhabu, bali wingi wa waya. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, waya na chuma cha kiwandani vilishuka bei, matanuri ya mchanga wa mtoni yakazimika moja baada ya jingine, kodi ya kibanda ikaanza kudaiwa kwa rupia, na waya ukapoteza hadhi ya fedha. Wakamba wenye mikono myepesi walihamia katika uchongaji wa vinyago, uliopata nguvu huko Wamunyu, Ukambani, baada ya Mutisya Munge kurudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza na ujuzi alioupata Tanganyika, na biashara hiyo ikawa na soko ambalo mkufu wa ugoro haukupata kamwe.

Yaliyofuata ni mafupi. Kopo la bati liliingia, kisha plastiki, na kati ya Wamasai hata kijikopo cha filamu ya kamera kilipata kazi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na biashara ya nyara za wanyamapori mwaka uliofuata, na sheria ya mwaka 2013 imeongeza ukali wa adhabu kwa anayekutwa nazo bila kibali, kwa hiyo fundi wa leo hawezi kugusa pembe ya swala wala ya nyati na anabaki na ng'ombe, mbuzi na kondoo, jambo lisilo na hasara kwake kwa kuwa pembe hizo hutupwa machinjioni. Maduka ya vitu vya watalii huuza pembe zilizong'arishwa kwa mashine, zenye uzi wa nailoni mahali pa mkufu, na kuziita za asili.

Iwapo pembe za ugoro zilizoko Ulaya zitarudi, zitarudi na kadi zinazotaja kabila na jina la Mzungu aliyezikusanya, mara chache sana jina la aliyezitengeneza. Upungufu huo hauwezi kuzibwa kutoka London au Stockholm. Familia za Machakos, Kitui, Murang'a, Nyeri na Kajiado ambazo bado zina pembe ya babu au bibi sandukuni zinaombwa zisimuuzie mchuuzi kabla ya kuipiga picha, kupima mkufu wake, na kuandika jina la fundi aliyeuvuta waya huo pamoja na kijiji chake, kisha kuyapelekea nakala makumbusho yaliyo karibu nazo.