Jina la Ugonjwa, Jina la Dawa: Historia Fupi ya Tiba ya Kichina ya Kichwa Kitokanacho na Pua

Kiswahili kina neno kipandauso, yaani maumivu makali ya kichwa yanayoshika sehemu ya paji la uso. Neno hili linatueleza mahali panapouma, lakini halituelezi chanzo. Maumivu kama hayo huweza kutokana na kuvimba kwa vishimo vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso, jirani na pua. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi Wachina walivyouita ugonjwa huo, dawa walizoutibia, na kwa nini majina hayo yanatuhusu sisi walimu na wanafunzi wa lugha.

Katika Huangdi Neijing, maandishi ya tiba yenye umri wa takriban miaka 2000, ugonjwa huo unaitwa biyuan. Bi ni pua. Yuan ni kilindi cha maji. Mgonjwa ni mtu ambaye pua yake imekuwa kilindi: makamasi mazito yanamtoka bila kukoma. Waganga wa wakati ule walieleza kwamba joto la nyongo limehamia kwenye ubongo. Sayansi ya leo haikubaliani na maelezo hayo. Hata hivyo, dalili yenyewe waliitazama kwa makini.

Mwaka 1253, wakati wa utawala wa ukoo wa Song, tabibu Yan Yonghe aliandika kitabu kiitwacho Jisheng Fang. Humo mna dawa ya biyuan yenye vitu vinne: matumba ya maua ya magnolia (xinyi), tunda lenye miiba ya kunasa nguo (cangerzi), mzizi wa baizhi, na majani ya mnanaa (bohe). Vyote husagwa kuwa unga, ukanywewa kwa chai na vitunguu majani baada ya chakula. Dawa hiyo ingali inatumika. Ifahamike kwamba cangerzi ina sumu, ndiyo maana hukaangwa kwanza.

Dawa nyingine ya kichwa ya enzi hiyo hiyo ya Song, inayonywewa kwa chai, ina mzizi uitwao xixin. Xi ni nyembamba, xin ni kali kwa ladha. Jina linamsaidia mchumaji kuutambua mzizi, lakini halimwambii kwamba mmea huo ni wa ukoo mmoja na aristolokia, mimea yenye asidi inayoharibu figo.

Hapa ndipo suala la majina linapokuwa la uhai na kifo. Mwaka 1993 madaktari wa Brussels, Ubelgiji, walitangaza kwamba wanawake waliokuwa wakitumia dawa za kupunguza unene zenye mimea ya Kichina walikuwa wameharibika figo. Baadaye idadi yao ilizidi 100. Dawa iliyokusudiwa ilikuwa hanfangji. Iliyotiwa ni guangfangji, ambayo ni aristolokia. Majina hayo mawili yana mkia mmoja, na katika biashara zote mbili zilikuwa zikiitwa fangji tu. Silabi moja ilipoachwa, mmea mwingine kabisa ukaingia kwenye dawa.

Je, tunajifunza nini? Wanafunzi wetu wa tafsiri wataletewa maandishi ya pakiti za dawa, na wengi watashawishika kuandika "mizizi ya Kichina" au "dawa ya mafua" kisha waendelee. Mafua si biyuan, na kipandauso si kila kichwa kinachouma. Hapana budi mfasiri aandike jina la asili kwa ukamilifu, aongeze jina la kisayansi la mmea, kisha ndipo atoe maelezo ya Kiswahili yanayoeleweka. Asipolipata jina la kisayansi, amuulize mtaalamu wa mimea kabla ya kukabidhi kazi yake.