Maji ya Ndalaga, Gesi ya Kivu

Babu yangu alikuwa na kisa kimoja ambacho sisi wajukuu hatukukiamini. Alisema kwamba enzi za ujana wake, alipotoka Kashuga kwenda kutafuta kazi ya upagazi, aliwakuta Wazungu ndani ya mtumbwi kwenye ziwa Ndalaga. Waliteremsha chupa kwa kamba ndefu, wakaipandisha imejaa maji, wakaiziba na kuiandika. Hawakuyanywa maji yale, wala hawakuvua samaki. “Walilipa wanaume wazima kwa ajili ya maji,” alikuwa akisema, “wakayabeba kama mtu abebavyo mayai.” Tulicheka, kwa sababu kwetu Masisi maji yako kila bonde.

Babu alikwisha kufa nilipojua kwamba hakutudanganya. Nilikuwa tayari mwalimu wa kemia huko Goma, ndipo nikakutana na jina la Hubert Damas, Mbelgiji aliyefanya uchunguzi mwaka 1935 na 1936 kwa niaba ya Taasisi ya Hifadhi za Taifa za Kongo ya Wabelgiji. Maziwa aliyoyapima yalikuwa matatu: Kivu, Edward na Ndalaga. Ndiyo, Ndalaga yetu, mojawapo ya maziwa ya Mokoto, ambayo mtu wa Kashuga huyafikia akishapita Mweso kuelekea Kitchanga. Tangu siku ile nimekuwa nikiifuatilia historia ya gesi ya Kivu kwa kuuliza habari za chupa: nani alizishusha, nani alilipa, na majibu yalibaki kwa nani.

Damas aliona jambo geni katika Kivu. Ukishuka chini maji hupoa kwanza, kisha yanaanza kupata joto tena, hadi kufika kama nyuzi 26 karibu na sakafu ya ziwa. Hayana oksijeni, na yamebeba gesi iliyoyeyuka. Lakini watu wa kando ya ziwa walikuwa na neno lao kabla ya kitabu chake. Mazuku ni vile vibonde kati ya Goma na Sake ambamo kaboni dioksidi hutoka ardhini na kutuama, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Mbuzi huingia alfajiri kula majani, asitoke. Mama huwakataza watoto kuchezea huko kabla upepo haujavuma. Huo nao ni utafiti, na ulilipiwa kwa mifugo na kwa watoto.

Katika miaka ya 1950 wataalamu Schmitz na Kufferath waliyapima maji ya kina, na mwaka 1955 wakachapisha walichokipata: pamoja na kaboni dioksidi, kulikuwa na methani nyingi, gesi inayowaka. Leo hesabu zinazokubalika husema kwamba ziwa lina takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, zikihesabiwa kama zingekuwa nje ya maji. Kivu ina kina cha mita 485, na sehemu kubwa ya gesi iko chini ya mita 260, ambako maji yenye chumvi nyingi yamelala bila kuchanganyika na ya juu. Kaboni dioksidi hutoka katika volkano. Methani hutengenezwa na vijidudu, kwa mabaki ya viumbe yanayozama na kwa kaboni dioksidi yenyewe. Uzito wa maji ndio unaoishikilia gesi huko chini.

Mwaka 1963 kampuni ya Union Chimique Belge iliweka mtambo wa majaribio Rubona, karibu na Gisenyi. Wanafunzi wangu hupenda sana sehemu hii. Unateremsha bomba hadi kilindini na kuvuta maji kwa pampu. Yakipanda, mgandamizo unapungua, gesi inaanza kutoa mapovu, na maji yenye mapovu huwa mepesi. Basi yanapanda yenyewe, na pampu unaweza kuizima. Huko juu gesi hutenganishwa, kaboni dioksidi huondolewa kwa kuoshwa na maji, na methani inabaki. Ile ya Rubona ilichemsha mitungi ya kiwanda cha bia cha Bralirwa kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo matumizi ya kwanza ya gesi ya ziwa letu yalikuwa kutengeneza bia. Sisemi hivyo kwa kudharau. Aliyelipia kipimo ndiye aliyechagua matumizi, na aliyekuwa na fedha za kulipa siku zile alikuwa na kiwanda.

Miaka ile kwetu Kashuga tulipikia kuni. Mikalatusi ilipandwa, ikakatwa, ikachomwa kuwa makala, na magunia yakateremka kwenda Goma kupikia katika mbabula za watu wa mji. Marehemu mama alianza kupata kikohozi kabla hajafika miaka 40, na aliishi nacho hadi mwisho wake. Nalitaja hilo kwa sababu wengi wakisikia neno utafiti hufikiria karatasi. Mimi hufikiria moshi wa jikoni kwa mama.

Baada ya uhuru watafiti walizidi. Mwaka 1971 na 1972 Egon Degens aliongoza msafara wa taasisi ya Woods Hole ya Marekani uliochunguza sakafu ya ziwa, kemia yake na viumbe wake. Mwaka 1974 na 1975 Klaus Tietze kutoka Ujerumani alipima gesi kwa uangalifu mkubwa, hata vipimo vingine vikalinganishwa na vyake kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1975 Zaire na Rwanda zilikubaliana kuitumia gesi kwa pamoja, na mwaka uliofuata, pamoja na Burundi, zikaanzisha jumuiya ya kiuchumi ya Maziwa Makuu, CEPGL, huko Gisenyi. Kwenye karatasi mambo yalikuwa mazuri: ziwa moja, nchi mbili, kampuni moja ya kuchimba. Lakini fedha za kupima kila mwaka, za kununua mashua na vifaa, za kulipa kijana wa Goma na kijana wa Gisenyi wakae katika mtumbwi mmoja, hazikutengwa ipasavyo. Vita vikaja, na karatasi zikakaa.

Nikiwa na miaka 17 niliisikia redio ikisema kwamba huko Kameruni ziwa limeua watu. Tarehe 21 Agosti 1986 ziwa Nyos lilitapika kaboni dioksidi usiku, na watu wapatao 1,700 wakafa pamoja na mifugo yao. Baba alizima redio akasema: “Mazuku makubwa.” Ni hapo nilipoamua kusoma kemia. Kivu lina gesi nyingi mno kuliko Nyos, na kando zake wanaishi watu wasiopungua milioni 2.

Hofu hiyo ilirudi tarehe 17 Januari 2002, lava ya volkano Nyiragongo ilipopita katikati ya Goma na kuingia ziwani. Wakati ule wengi wetu tulikimbia bila kujua kama hatari iko nyuma yetu au mbele. Michel Halbwachs na Tietze walikwenda kupima, wakakuta tabaka za chini hazikutikisika. Lakini mwaka 2005 Halbwachs na wenzake kutoka Uswisi, akiwemo Martin Schmid, waliandika kwamba methani ilikuwa imeongezeka hadi asilimia 15 katika miaka 30. Kama ni kweli, ziwa lilikuwa linajaa. Kama si kweli, watu walikuwa wanatishwa bure. Nani angejibu?

Jibu lilipatikana Machi 2018, na kwangu mimi hiyo ndiyo sura bora katika historia yote hii. Vikundi kutoka Uswisi, Ujerumani na Ufaransa, pamoja na mpango wa Rwanda wa kufuatilia ziwa Kivu, walikusanyika juu ya maji yale yale, kila kikundi na kifaa chake na njia yake. Walishusha, wakapima, wakalinganisha. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2020 yalisema kwamba viwango viko karibu na uthabiti: hakuna dalili kwamba gesi inaongezeka kwa kasi iliyohofiwa. Tofauti za zamani zilitokana zaidi na njia za kupima. Swali lililotisha mamilioni ya watu kwa zaidi ya miaka 10 lilikaribia kumalizwa kwa majuma machache ya kazi ya pamoja. Kilichokosekana miaka yote ile ni mtu wa kuwalipia wakutane.

Hata huko kwenye mafuta na gesi ya kawaida, mambo huenda hivyo hivyo. Katika Bahari ya Kaskazini, eneo la mafuta la Ekofisk nchini Norway lilipoanza, ilitarajiwa kutolewa kama asilimia 17 tu ya mafuta yaliyomo, mengine yabaki katika mwamba. Wakachunguza mwamba, wakajaribu, na mwaka 1987 wakaanza kusukuma maji chini kwa wingi ili yasukume mafuta juu. Matarajio yamepanda hadi karibu nusu. Mafuta yale hayakuongezeka hata tone. Kilichoongezeka ni ujuzi, na ujuzi ule ulilipiwa na serikali na kampuni kwa pamoja. Sisi Kongo tumechimba mafuta kule Muanda, mwambao wa Atlantiki, tangu mwaka 1975. Ni muda mrefu wa kutosha kujifunza kwamba kuchimba bila kujenga ujuzi wako ni kama kukodisha shamba la babu yako.

Katika Kivu ujuzi una uzito zaidi, kwa sababu kosa haliishii katika hasara. Ukitoa maji ya kilindini ukaondoa gesi, lazima uyarudishe, na swali ni mita ngapi chini. Ukiyamwaga juu mno, unapeleka chumvi na uchafu kwa samaki wa sambaza na wavuvi wao. Ukiyarudisha mahali pasipofaa, unadhoofisha tabaka linaloishikilia gesi yote. Ndiyo maana mwaka 2009 wataalamu walizitungia nchi zote mbili kanuni za kuchimba, usalama wa watu ukiwa mbele. Mtambo wa KivuWatt, karibu na Kibuye upande wa Rwanda, ulianza kutoa megawati 26 mwishoni mwa mwaka 2015, ukivuta maji kutoka kama mita 350. Umeme ule ni matunda ya chupa za Damas, za Degens na za Tietze.

Upande wetu, serikali ilitangaza zabuni Julai 2022: vitalu 27 vya mafuta, na vitatu vya gesi katika Kivu, yaani Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Mapema 2023 zikatangazwa kampuni zilizopewa vile vitatu vya gesi. Nilisoma habari ile mara mbili nikitafuta mstari unaosema nani atalipa wapimaji wa Kikongo, maabara itakuwa wapi, na vipimo vitasomwa na nani. Sikuuona. Nikakumbuka nilivyokuwa mwanafunzi, nilipotembea ofisi hadi ofisi nikiomba kuona ripoti moja ya ziwa. Mahali pamoja waliniambia ipo, lakini imefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo yuko Kinshasa. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilikuwa nimeishi kando ya ziwa lile kwa miaka mitano, na vipimo vyake nilikuja kuvisoma katika kitabu kilichochapishwa Ulaya.

Watu tunao. Lwiro, karibu na Bukavu, pana kituo cha utafiti tangu enzi ya IRSAC, taasisi ya utafiti ya kikoloni iliyoundwa mwaka 1947. Chuo cha ualimu cha ISP Bukavu kimesomesha watafiti wa ziwa hili walioshirikiana na Wabelgiji kwa miaka mingi. Goma ina kituo cha kuchunguza volkano. Kinachokosekana si watu wala akili. Inakosekana fedha isiyokatika, inayotolewa kwa pamoja na kusimamiwa kwa uwazi.

Najua hali ya Kashuga. Watu wa kwetu wamekimbia mara nyingi, wamerudi, wamekimbia tena, na anayelala chini ya turubai hana nafasi ya kuwaza methani. Lakini makala anayoyanunua ndugu yetu Goma yanakatwa katika milima hiyo hiyo, na msitu ukiisha hakuna amani itakayoturudishia udongo.

Basi neno langu kwa wenye kusaini mikataba ni hili. Katika kila mkataba wa gesi ya Kivu, liandikwe fungu la kupima, litolewe kabla ya faida kugawanywa, liwekwe na Kongo na Rwanda katika mfuko mmoja, na kila kipimo kichapishwe ili mwalimu wa Mweso aweze kukisoma darasani. Nanyi vijana wa Masisi na Walikale mnaosoma kemia kwa taa ya petroli, someni. Kamba ile ya mtumbwini ilishikwa na mababu zetu kama vibarua. Safari hii ishikeni ninyi, na kalamu pia.