Kameo za Torre del Greco: Visasili Vilivyochongwa Kwenye Kombe

Kameo ni pambo dogo ambalo sura iliyochongwa hutokeza juu ya usuli wa rangi nyingine, na ufundi wake huanzia katika kuchagua kitu chenye matabaka, ili la juu likwanguliwe mpaka la chini lionekane. Mafundi wa enzi za Waptolemi, watawala wa Misri ya kale, walitumia akiki yenye mistari, na bakuli lao la Farnese, lenye kipenyo cha takriban sentimita 20 na ambalo sasa limo katika makumbusho ya Napoli, lina uso wa Medusa upande wa nje. Akiki ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, kwa hiyo ilisagwa taratibu kwa keke na unga mkali, kazi iliyogharimiwa na watawala na matajiri tu.

Kombe ndilo lililoufikisha ufundi huo kwa watu wa kipato cha kati. Torre del Greco, mji wa wavuvi wa marijani karibu na Napoli ulioharibiwa na mlima Vesuvius mwaka 1794, ulipata karakana ya marijani mwaka 1805, Mfalme Ferdinand IV wa Napoli alipompa kibali Paolo Bartolomeo Martin kutoka Marseille, na baadaye uchongaji wa makombe ukashamiri humo. Kombe moja lililopendwa, lenye weupe juu na rangi ya machungwa chini, ni la konokono wa Bahari ya Hindi apatikanaye pia pwani ya Afrika Mashariki. Lile la kahawia, ambalo wataalamu walilipa jina la Madagaska, kwa hakika hutoka Karibi. Kipande cha duaradufu kiligandishwa kwa lami kwenye kijiti, kikachorwa kwa penseli, kisha kikachongwa kwa patasi nyembamba.

Wasafiri waliozuru magofu ya Pompeii walitaka visasili, yaani hadithi za miungu ya kale, na kila mhusika alikuwa na alama yake: Hebe, mungu wa kike wa ujana, humnywesha tai wa Zeus, mfalme wa miungu, Bakanti, mfuasi wa mungu wa mvinyo, huvaa majani ya mzabibu, na Medusa ana nyoka kichwani. Sanamu bapa ya mchongaji Thorvaldsen ya mwaka 1815, inayoonyesha Usiku kama mwanamke akiruka na watoto wawili waliolala, ilinakiliwa mno. Chuo cha uchongaji kilifunguliwa mjini humo mwaka 1878, lakini soko lilikwisha kuzoea uso wa mwanamke asiye na alama yoyote, ambaye wauzaji wa leo humwita mungu wa kike bila ushahidi wowote.