Yadi 20 za Mwisho: Tomlinson na Gates Walivyogawana Mabao

Jumapili ya Desemba 10, 2006, mjini San Diego, LaDainian Tomlinson, mkimbiaji wa San Diego Chargers, alikabidhiwa mpira zikiwa zimesalia yadi 7, akakata kushoto na kuingia nao golini mwa Denver Broncos. Hiyo ilikuwa tachidauni yake ya 29 msimu ule, yaani bao la kuufikisha mpira golini. Rekodi ya Shaun Alexander wa Seattle, aliyefunga 28 mwaka uliotangulia, ikavunjika, na wachezaji wenzake wakambeba juu juu. Alimaliza msimu akiwa na 31.

Sifa za siku ile zilimwendea Tomlinson, na alistahili. Lakini historia ya mabao yake haikamiliki bila jina la mwenzake, Antonio Gates.

Katika futiboli ya Marekani, yadi 20 za mwisho kabla ya goli huitwa eneo jekundu. Timu inaweza kusonga mbele kwa urahisi katikati ya uwanja, kisha ikakwama hapo. Sababu ni ufinyu: mabeki hawana tena uwanja mpana wa kulinda nyuma yao, basi husogea mbele na kujazana, na washambuliaji wa mbio ndefu hukosa pa kukimbilia. Mzigo huwaangukia zaidi watu wawili. Wa kwanza ni mkimbiaji, anayepokea mpira mkononi na kupenya katikati ya miili. Wa pili ni taiti endi, mchezaji mrefu na mzito anayesimama ubavuni mwa safu ya mbele. Mara huwazuia wapinzani ili mwenzake apite, mara huchomoka kwenda kudaka pasi.

Pasi ya mbele iliruhusiwa mwaka 1906, lakini kwa miaka mingi karibu na goli wengi waliamini nguvu za mkimbiaji. Mwaka 1961 Mike Ditka wa Chicago Bears, katika msimu wake wa kwanza, alidaka tachidauni 12 akiwa taiti endi. Makocha wakaona kwamba mtu wa kuzuia anaweza pia kuwa mfungaji.

Gates alikuja kwenye nafasi hiyo kwa njia isiyo ya kawaida. Chuoni Kent State alicheza mpira wa kikapu, akaisaidia timu yake kufika robo fainali ya mashindano ya kitaifa mwaka 2002. Mwaka 2003 Chargers walimsajili baada ya timu zote kumpita kwenye drafti, uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya. Ujuzi wa kikapu aliuhamishia kwenye eneo jekundu: alimkinga beki kwa mgongo wake, akaruka na kuuchukua mpira juu ya kichwa chake.

Hapo ndipo mabeki wa kati walipobanwa. Kwotabeki, yaani mrusha pasi, Drew Brees na baadaye Philip Rivers, angejifanya anamkabidhi Tomlinson mpira. Beki akimvamia mkimbiaji, Gates amebaki huru nyuma yake. Akimfuata Gates, pengo limefunguka mbele ya Tomlinson. Mara nyingine Tomlinson hakubabaishwa na mtu kwa sababu Lorenzo Neal, mzuiaji hodari, alikuwa amekwisha kumsafishia njia.

Kati ya 2004 na 2006 Tomlinson alifunga tachidauni 63 kwa kukimbia, na Gates akadaka 32. Si zote zilitoka eneo jekundu, lakini zinaonyesha kwamba wingi wa mmoja haukuukausha mkono wa mwingine. Mwaka 2006 Chargers walishinda mechi 14 kati ya 16 na kuongoza ligi kwa pointi 492, ingawa New England Patriots waliwatoa mapema katika hatua ya mtoano.

Tomlinson aliingia katika Jumba la Heshima la Futiboli mwaka 2017, Gates mwaka 2025, akiwa na tachidauni 116 za kudaka, nyingi kuliko za taiti endi yeyote. Vitabu vya rekodi humwandikia kila mtu mabao yake. Anayetaka kuelewa yalivyopatikana hana budi kuwasoma wawili hawa pamoja, kwa kuwa kila aliyefunga alifunguliwa njia na hofu aliyoitia mwenzake.