Mkopo wa fleti: kabla ya kuangaliwa wewe, huangaliwa jengo

Tuseme mwalimu wa Kilifi amepelekwa kufundisha Kedowa, kaunti ya Kericho, kule kwenye majani chai. Miaka kumi ameweka akiba, na sasa ataka fleti Mombasa ili akistaafu arudi kwao. Mshahara unatosha, madeni hana. Apeleka maombi ya mkopo, aambiwa hapana. Aliyekataliwa si yeye, ni jengo.

Sisi watu wa pwani jambo hili si geni kwetu. Mombasa tuna nyumba bila ardhi: mtu amejenga kwa jasho lake, lakini kiwanja ni cha mwingine na kila mwezi hulipa kodi yake. Nyumba ni yako, ila ukienda benki huna cha kuweka rehani. Fleti isiyo na hati ni yaleyale, tofauti ni kuwa imepanda ghorofani.

Sheria inasemaje

Sheria ya umiliki wa fleti ya mwaka 2020 ilianza kutumika Desemba 28 mwaka huo, ikachukua nafasi ya ile ya 1987. Serveya huchora ramani inayoonyesha kila fleti na sehemu za pamoja kama ngazi, tangi la maji na maegesho. Ramani ikisajiliwa, kila mwenye fleti hupata hati yake pamoja na fungu lake katika sehemu za pamoja. Hapo hapo wenye fleti wote huwa shirika moja kisheria. Shirika hilo ndilo hutunza jengo, hulikatia bima na hukusanya michango.

Zamani wengi walipewa mkataba wa kukodi wa muda mrefu tu, huku hati kuu ikibaki kwa mjenzi au kampuni ya usimamizi. Sheria mpya ilitaka mikataba hiyo igeuzwe iwe hati za fleti.

Pesa zinatoka wapi

Kampuni ya KMRC, ambayo serikali ina hisa ndani yake, ilipewa leseni na Benki Kuu mwaka 2020. Haimkopeshi mwananchi moja kwa moja, wala haikatii mkopo wake bima. Hukopesha benki na sacco fedha za muda mrefu, nazo zikakopesha wanunuzi. Miongoni mwa sacco zenye hisa humo ni Imarisha ya Kericho na Imarika ya Kilifi. Kwa hivyo mwalimu wetu ana mlango huku na huku. Lakini mkopo wa namna hii husimama juu ya rehani, na rehani hutaka hati.

Marekani wamekwenda mbali zaidi. Shirika la serikali, FHA, hudhamini mikopo ya nyumba kwa bima, na kwa fleti hukagua kwanza chama cha wenye nyumba. Kwa kawaida hutaka angalau asilimia 10 ya bajeti iwekwe akiba ya matengenezo, na fleti zenye malimbikizo ya zaidi ya siku 60 zisizidi asilimia 15. Yaani deni la jirani laweza kukufungia wewe mlango.

Kabla ya kutoa arbuni

1. Fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi. Hati kuu ni ya nani, na imewekwa rehani?
2. Uliza kama ramani ya fleti imesajiliwa na shirika la wenye fleti lipo.
3. Kama ardhi ni ya kukodi, angalia imebakisha miaka mingapi.
4. Omba hesabu za shirika, cheti cha bima ya jengo, na barua ya kuthibitisha muuzaji hadaiwi michango.
5. Peleka karatasi hizi kwa wakili wako na kwa mkopeshaji kabla ya pesa kutoka.

Anayeogopa riba na kwenda benki ya Kiislamu asidhani ameepuka karatasi hizi. Nayo yanunua au yashirikiana nawe katika mali, basi itataka kujua mali ni ya nani.

Na wewe unayeishi fletini tayari, usikimbie mkutano wa wenye fleti. Siku utakapotaka kuuza, mnunuzi wako atahitaji daftari lile lile unalolidharau leo. Mali bila daftari hupotea bila habari.