Ribeirinho: Mcheshi wa Ureno aliyelea jukwaa chini ya udikteta

FRANCISCO Ribeiro, aliyejulikana na Wareno kwa jina Ribeirinho, yaani Ribeiro mdogo, alikuwa mwigizaji wa vichekesho na mwelekezi wa michezo ya kuigiza. Alizaliwa jijini Lisbon mnamo Septemba 21, 1911 na akaaga dunia Februari 7, 1984. Wengi humkumbuka kwa sinema chache za miaka ya 1940, ingawa mchango wake mzito zaidi aliutoa katika tamthilia.

Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi iliangukia katika utawala wa kiimla wa António de Oliveira Salazar, aliyekuwa waziri mkuu tangu 1932 hadi 1968. Enzi hizo kila mchezo ulipitia kwanza mikononi mwa wakaguzi wa serikali, ambao waliweza kufuta maneno au kuupiga marufuku mchezo mzima. Msanii alikuwa na njia tatu: kunyamaza, kuhama nchi, au kutafuta nafasi ndani ya mipaka aliyowekewa. Ribeirinho alifuata njia ya tatu.

Mnamo 1936, idara ya propaganda iliyoongozwa na António Ferro ilianzisha Teatro do Povo, yaani Jukwaa la Umma, kundi lililozunguka mikoani likiwa na jukwaa lake. Ribeirinho, kijana wa miaka 25 hivi, alikabidhiwa uelekezi. Serikali ilikusudia kueneza maadili iliyoyataka, lakini kwa safari hizo tamthilia ziliwafikia pia watu walioishi mbali na kumbi za mijini.

Umaarufu wake ulienea mwaka wa 1941 kupitia filamu O Pai Tirano, iliyoelekezwa na kaka yake, António Lopes Ribeiro. Humo aliigiza Chico, karani wa duka kubwa anayempenda msichana mwuzaji wa manukato. Msichana anasikia kwa siri mazoezi ya mchezo wa kuigiza, anadhani ni mambo ya kweli, na kuamini kuwa Chico ni mtoto wa ukoo wa kitajiri. Kundi zima linalazimika kuendeleza uongo huo, na hapo ndipo kicheko kinapozaliwa.

Mwaka uliofuata alielekeza mwenyewe O Pátio das Cantigas, kisa cha majirani wa ua mmoja jijini Lisbon wakati wa sherehe za mtakatifu Antonio. Vasco Santana na António Silva, vigogo wa vichekesho wa wakati huo, waliigiza humo. Wareno waliipenda sana filamu hiyo hata ikatengenezwa upya mwaka wa 2015.

Ribeirinho hakuridhika na sinema. Mwaka wa 1944 yeye na kaka yake waliunda kundi la Os Comediantes de Lisboa. Baadaye, mnamo 1957, alishika hatamu za Teatro Nacional Popular katika ukumbi wa Trindade. Ni kundi hilo lililowaonyesha Wareno kwa mara ya kwanza, mwaka wa 1959, mchezo wa Samuel Beckett kuhusu watu wawili wanaomngoja Godot asiyefika. Kwa mcheshi aliyezoeleka kwa mizaha ya mapenzi na majirani, hiyo ilikuwa hatua ya ujasiri.

Utawala huo uliangushwa Aprili 25, 1974. Ukumbi wa taifa wa D. Maria II, ulioteketea kwa moto mwaka wa 1964, ulipofunguliwa tena mnamo 1978, Ribeirinho alikuwa miongoni mwa waliokabidhiwa uongozi wake.

Wapo watakaomlaumu kwa kula katika sahani ya dola. Lawama hiyo ina msingi, kwani Teatro do Povo kilikuwa chombo cha propaganda. Lakini ni mtu yuyo huyo aliyemfikisha Beckett Lisbon wakati wakaguzi wangali kazini. Anayetaka kumpima kwa haki hana budi kuyaweka yote mawili katika mizani moja.